Jumatatu ya Tarehe Sita

Jalada lilitakiwa kufika kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri, na mpaka saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa hajalipenda. Si kwamba lilipungukiwa kitu. Lilikuwa limekamilika mno, na kwa miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amejifunza kuyaogopa majalada ya namna hiyo. Mtoto akinyamaza sana chumbani, mama mwenye akili huenda kuchungulia.

Marehemu alikuwa mwenye kiwanda cha kuchapa kalenda. Watu wote walimwita Bosi, hata mkewe. Alikutwa Jumatatu jioni chini ya ngazi za stoo ya karatasi, kisogo kimepasuka, mkono wa kushoto wa shati umechanika kwenye mshono. Ndani ya droo yake kulikuwa na barua ya vitisho iliyopigwa kwa taipureta ambayo herufi yake ya "g" haina mkia. Taipureta hiyo ilipatikana bila jasho: ilikuwa juu ya meza ya chakula nyumbani kwa msahihishaji wa kiwanda, mzee wa miaka sitini na tatu, ambaye pia ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka kazini siku ile. Mzee hakukiri wala hakukana. Alisema maneno mawili tu: "Andikeni mnavyoona." Basi Koplo akaandika alivyoona.

Koplo alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri na haraka nyingi.

"Afande, tuligonge muhuri liende," alisema. "Hapo hata hakimu akisinzia atapata jibu."

"Nisomee barua."

"Umeisoma mara nne."

"Basi iwe ya tano."

Koplo akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. "Bosi. Ukikiuza kiwanda, Jumatatu tarehe 6 Februari 2029 hutakuwepo kukabidhi ufunguo."

Tarehe ilieleweka. Jumatano ya wiki iliyopita, tarehe tisa Agosti, Bosi alibandika tangazo kwenye mlango wa kiwanda: kiwanda na nyumba zake za wafanyakazi vimepata mnunuzi, na vitakabidhiwa tarehe sita Februari mwaka ujao. Ijumaa barua ikasukumwa chini ya mlango wa ofisi yake. Jumatatu akafa. Inspekta alikuwa anaandika mfuatano huo kwenye karatasi yake, na kwa mazoea tu akafungua kalenda ya simu ili aweke siku mbele ya kila tarehe. Alipofika Februari akasimama.

"Koplo. Tarehe sita Februari mwaka ujao ni Jumanne."

Koplo akachungulia simu. "Kakosea siku moja. Mtu mwenye hasira ya kuua atakumbuka kuangalia Jumatatu na Jumanne?"

"Huyu mzee kule kiwandani wanamwitaje?"

"Mzee Tarehe."

"Kwa nini?"

Koplo akafungua jalada, akapekua maelezo ya wafanyakazi, na sauti yake ikapungua kidogo. "Kwa sababu ukimtajia tarehe yoyote, anakuambia siku yake. Hata ya mwaka ambao haujafika. Wafanyakazi wanasema hajawahi kukosea."

"Hajakosea kwa miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

Inspekta akasimama, akachukua daftari lake. Tangu asubuhi ndiyo kwanza alikuwa anajisikia vizuri.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha la juu ambalo halikuwahi kufunguka tangu lipakwe rangi. Mzee aliletwa bila mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mwembamba, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa na doa jekundu la penseli ya kusahihishia, doa la zamani ambalo sabuni ilikuwa imeshakata tamaa nalo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshaandika?"

"Bado. Nimekuja kujifunza. Tarehe kumi na tisa Oktoba, 2041."

Mzee alimtazama. Kwa muda mfupi alionekana kusahau alipo, kama fundi aliyepewa nyundo yake mkononi.

"Jumamosi."

Koplo akaangalia simu, akatikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa kuwa alikuwa kijana, akashindwa kujizuia. "Na 2100, mzee, si utakuwa mwaka mrefu? Unagawanyika kwa nne."

"Mfupi huo. Miaka inayoishia na mia haiingii kwenye mirefu mpaka igawanyike kwa mia nne. Elfu mbili uliingia, elfu mbili na mia moja hauingii." Mzee akatabasamu kidogo. "Lakini usikose usingizi, mwanangu. Hatutakuwepo kulalamika."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka.

"Tarehe sita Februari, 2029."

Kicheko cha Koplo kilikatika njiani. Mzee aliyaondoa macho kwa Inspekta akayapeleka dirishani, na dirishani hakukuwa na cha kutazama. Alikaa hivyo muda ambao ungetosha kuhesabu karne nzima. Kidole chenye doa kilianza kusugua ukingo wa meza.

"Jumatatu," akasema.

"Una hakika?"

"Jumatatu. Andika hivyo. Niliandika kwenye barua Jumatatu, na ni Jumatatu."

"Kwa hiyo barua ni yako?"

"Si mna taipureta yangu?"

"Taipureta tunayo. Ninauliza barua."

"Andika ni yangu, mwanangu. Andika niliandika mimi, niliandika Jumatatu, nikamsukuma. Nimechoka kukaa."

Koplo alikuwa ameshafungua kalamu. Inspekta akaweka kiganja juu ya karatasi yake.

Nje, kwenye korido, Koplo alikuwa karibu kulia kwa uchungu wa kalamu. "Afande! Alikuwa anakiri!"

"Alikuwa anadanganya. Umemwona alivyojibu ile ya 2041? Ilitoka kama pumzi. Hii ya mwaka kesho tu, mwaka ambao yeye mwenyewe amesahihisha kalenda yake mwezi huu, imemchukua dakika nzima na imetoka mbovu."

"Labda aliweka siku mbovu makusudi kwenye barua. Tukimkamata tuseme si yeye, yeye hakosei."

"Hilo nimeliwaza. Lakini mtu akijichimbia mlango wa kutokea, siku ya moto anautumia. Tumemshika tangu Jumanne, mbona hajautaja? Leo nimemfungulia mlango huo mimi mwenyewe, yeye kaufunga." Inspekta akaanza kutembea. "Aliiona Jumatatu kwenye barua siku ile ile tulipomwonyesha. Anajua imetoka wapi. Na anataka tuamini imetoka kwake."

"Imetoka wapi?"

"Kwenye kalenda. Mtu asiyejua siku kwa kichwa huangalia kalenda. Nitafutie mwaka 2029 unaoanza vibaya."

Kiwanda kilikuwa nyumba ndefu ya bati yenye harufu ya wino na mafuta ya mashine. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa msiba, na fundi wa mabamba ya kuchapia alikuwa peke yake, anafuta vumbi ambalo alikuwa ameshalifuta. Alikuwa mtu wa miraba minne mwenye sauti ndogo isiyomfaa.

Alipoulizwa mwaka unatengenezwaje, alisahau msiba. Aliwapeleka kwenye kabati la chuma lenye rafu kumi na nne, kila rafu na bamba lake limelala ndani ya kitambaa.

"Watu wanadhani kila mwaka ni mpya," alisema. "Hakuna mwaka mpya hapa. Kuna kumi na nne tu. Saba wafupi, saba warefu. Mfupi unaoanza Jumapili, mfupi unaoanza Jumatatu, mpaka Jumamosi. Na warefu hivyo hivyo, wenye Februari ya siku ishirini na tisa. Mwaka ukija hatuuulizi utatuletea nini. Tunauliza wewe ni wa rafu gani, tunabadilisha namba juu na picha, tunachapa."

"Na 2029 ni wa rafu gani?"

Fundi akavuta pumzi. "Mfupi wa Jumatatu. Ni pacha wa 2018. Bamba ni lile lile."

"Una uhakika?"

"Afande, hilo ukiniamsha usingizini nitakujibu." Akafungua mlango wa pili wa kabati. Ndani yake kulikuwa na maandishi makubwa ya chaki: 2029, MOSI JANUARI, JUMATATU. "Bosi aliniandikisha hayo mbele ya wenzangu wote. Mtu mzima mimi, nina wajukuu. Kisha akanisomesha kama mtoto wa chekechea."

"Ulifanya nini?"

"Nilitoa bamba la jirani. Mwaka ukiisha, siku inasogea moja, kwa sababu wiki hamsini na mbili zinabakisha siku moja. Unaongeza moja, basi. Miaka mitatu katika minne unapatia. Lakini mwaka huu tulionao ni mrefu, unasogeza mbili. Ulianza Jumamosi, nikaongeza moja, nikatua Jumapili. Nikatoa mfupi wa Jumapili, ule tulioutumia 2023. Kosa la watu wa kazi hii tu hilo. Mtu wa nje angefungua simu yake akaona. Sisi tunajifanya tunajua."

Koplo alikuwa amesogea karibu na fundi hatua moja, na uso wake ulikuwa na mwanga wa mtu aliyekamata mwizi. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeamini mwaka unaanza Jumapili. Ukaaibishwa mbele ya watu. Ukakasirika."

"Nilikasirika, ndiyo. Nani asingekasirika?"

"Na kwenye hesabu yako wewe, tarehe sita Februari ni Jumatatu!"

"Lini uliaibishwa?" Inspekta akauliza, kabla Koplo hajatoa pingu.

"Ijumaa, tarehe nne. Karatasi za majaribio tulizivuta Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi Mzee Tarehe akazitazama, akaniita kwa upole, akaniambia, 'Mdogo wangu, umesahau huu tulionao ni mrefu.' Yeye angeyamaliza kimyakimya. Bosi ndiye aliyepita akasikia."

Inspekta akamgeukia Koplo. "Tangazo la kuuza lilibandikwa tarehe tisa. Mtu aliyeandikishwa Jumatatu kwa chaki tarehe nne, hatakosea wiki moja baadaye. Mpaka anakufa hatakosea."

"Wallahi," alisema fundi.

Koplo akarudi nyuma hatua aliyokuwa amesogea.

"Karatasi za majaribio zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili. Daima ni kumi na mbili. Bosi aliamuru zikatwe zote pale pale, maana kalenda mbovu ikitoka nje ni jina la kiwanda. Ukimpa mtu mwaka uliokosewa, amekwenda harusini siku isiyo yake."

"Ulikata kumi na mbili?"

Fundi alianza tena kufuta vumbi.

"Nimekuuliza, mzee wangu."

"Nilikata kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwepo. Mzee Tarehe aliniambia iko kwake, atairudisha, tusimwambie Bosi. Na mimi, mtu ambaye ndiyo kwanza kanisitiri, nikamkatalie?"

"Kwa nini alikuwa nayo?"

"Si desturi yake! Kila mwaka karatasi ya kwanza kutoka kwenye mashine anaikunja jioni ile ile, kabla hajaisoma, anampelekea binti yake. Tangu binti ana miaka mitano na meno hana. Ni mwalimu sasa, mtu mzima, na bado anapelekewa. Tunamtania, tunamwambia Mzee, huyo mtoto atazeeka unamletea mwaka kwa mkono." Fundi alitabasamu, kisha akaona nyuso zao, na tabasamu likaondoka polepole. "Kwani nimesema nini?"

Inspekta alimshukuru, akamwambia asiondoke mjini, akatoka.

Nje jua lilikuwa kali. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa ng'ambo ya barabara, safu moja ya milango ya kijani, zote za kiwanda, zote ndani ya tangazo la kuuza.

"Binti alisema alikuwa wapi Jumatatu?"

"Shuleni. Mkutano wa wazazi, mpaka saa kumi na moja."

"Ulithibitisha?"

"Afande, ni mwalimu."

"Walimu nao wana miguu. Piga simu."

Koplo akampigia mwalimu mkuu, akasikiliza, akashukuru, akaweka simu mfukoni kwa uangalifu uliozidi. Mkutano ulikuwepo. Uliisha saa tisa na nusu. Bosi aliokotwa saa kumi na mbili kasoro.

"Kosa langu," alisema Koplo.

"Kosa lako. Ukifika kwake usiseme neno."

Binti aliwafungulia kabla hawajagonga mara ya pili. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, chaki kwenye kucha. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Juu ya meza ya chakula palikuwa na mstatili safi usio na vumbi, pale taipureta ilipokuwa kabla polisi hawajaichukua. Madaftari ya wanafunzi yalikuwa yamepangwa kuuzunguka bila kuugusa.

"Karibuni. Kuna habari za baba? Anakula?"

"Anakula kidogo."

"Mwambieni chumvi asizidishe. Presha yake..." Hakumaliza. "Mtamwachia lini? Si mmeshaona hana hatia? Baba hawezi kumpiga mtu. Hata mende anamfukuza kwa maneno."

Inspekta alimwamini kwamba anaamini. Hilo ndilo lililomsumbua. Mwanamke huyu alikuwa amejiambia kwa siku tatu kwamba asiye na hatia hutoka mwenyewe, kama mgonjwa wa mafua, na yeye hana haja ya kufanya kitu ila kusubiri.

"Mwalimu, nisaidie jambo dogo. Tunapanga tarehe za kesi. Tarehe sita Februari mwaka ujao ni siku gani?"

Aliitikia kama mwalimu anavyoitikia swali jepesi. Alifungua kabati la vyombo, na ndani ya mlango wake, imebandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye pembe nne, palikuwa na kalenda isiyo na picha, nyeupe, mikunjo minne ikionekana. Tarehe sita Februari ilikuwa imezungushiwa duara la kalamu.

"Jumatatu," alisema.

Koplo aliangalia sakafu.

"Kwa nini umeizungushia?"

"Ndiyo siku tunayotolewa humu." Alisema wazi, bila kuficha. "Nimezaliwa humu. Mama yangu amefia chumba hicho. Nikaweka alama ili nisijidanganye kwamba iko mbali."

Inspekta alitoa simu, akaifungua kwenye Februari ile, akaiweka mezani, nje ya ule mstatili.

"Ni Jumanne, mwalimu. Hiyo karatasi imekosewa tangu mwezi wa kwanza. Zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zilikatwa siku ya pili yake. Hakuna kalenda nyingine katika mji huu inayosema Jumatatu, ila hiyo. Na barua."

Binti alitazama simu, akatazama mlango wa kabati, akarudi kwenye simu. Midomo yake ilihesabu. Kisha akafunga kabati taratibu, jinsi mtu anavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Kalenda ya baba haiwezi kukosea."

"Hakuikosea yeye. Aliiona, akaisahihisha. Hii ilikuwa imeshafika kwako, na nadhani aliona haya kukunyang'anya."

"Basi hata yeye angeweza kuitazama hii akaandika..."

"Baba yako atazame kalenda?"

Binti akakiachia kishikio cha kabati.

"Leo asubuhi nimemuuliza tarehe ya mwaka 2041," alisema Inspekta. "Akanijibu palepale, sawasawa. Nikamuuliza tarehe sita Februari. Unajua alisema nini?"

Binti alikuwa ameshika mgongo wa kiti.

"Alisema Jumatatu."

"Hapana."

"Akasema niandike. Akasema barua ni yake, na alimsukuma yeye. Saa tisa jalada lake linakwenda, na kosa lililoandikwa juu yake ni kuua kwa kukusudia. Hataachiwa, mwalimu. Hasubiri kuachiwa. Anangoja tumalize kuandika."

"Baba alisema Jumatatu?" Akakivuta kiti. "Alisema kwa mdomo wake?"

"Mara mbili."

Hapo ndipo alipokaa, na kilio kikamtoka kwa nguvu, bila aibu, machozi yakidondoka juu ya madaftari ya watoto. Inspekta alimwacha. Aliwahi kuona watu wakilia kwa kukamatwa, na kilio hiki hakikuwa hicho. Huyu alikuwa anamlilia baba yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Ule wa mzazi unamjia mwana kwa kuchelewa, na unamjia wote kwa mara moja.

Baadaye maneno yalitoka yenyewe. Barua aliiandika Alhamisi, baba yake akiwa amelala mchana kwa homa. Alitaka tu Bosi aogope, aone kuna watu nyuma ya ile milango ya kijani. Bosi hakuogopa. Basi Jumatatu, mkutano ulipoisha, alikwenda kumwomba ana kwa ana, amwachie baba nyumba mpaka atakapokufa. Alimkuta juu ya ngazi za stoo. Alimpigia magoti pale juu ya ngazi.

"Akasema nini?"

"Alicheka. Akaniambia, 'Baba yako ana shida gani? Si anajua tarehe ya kuhama?' Akageuka aondoke. Nikamshika mkono wa shati. Akajivuta, kwa hasira. Nikabaki nimeshika hewa." Alionyesha mkono mtupu. "Nilimsikia anafika chini. Nikakimbia. Nilijua nimwite mtu, na nikakimbia."

"Ulimsukuma?"

"Sikumsukuma. Lakini nilikimbia."

"Yote mawili utayasema hivyo hivyo, neno kwa neno, na yataandikwa hivyo hivyo. Koplo ana mwandiko mzuri."

Koplo aliandika. Safari hii hakuwa na haraka. Binti alisoma kila ukurasa kabla ya kuweka saini, akarekebisha nukta mahali pawili, kazi ya mikono ikiendelea bila mwenyewe. Kisha akanawa uso, akafunga maji, akafunga gesi, akampa jirani madaftari ayapeleke shuleni, akafuatana nao kituoni.

Saa nane na robo Inspekta aliingia tena kwenye chumba cha dirisha lisilofunguka. Aliweka mezani mkanda wa mzee na kamba zake za viatu.

Mzee aliviangalia vitu hivyo. Hakuvigusa. Alikuwa mtu wa kusahihisha maisha yake yote, na alijua mtu anapokuja kukurudishia karatasi yako.

"Umekwenda nyumbani kwangu," alisema.

"Nimekwenda."

"Amesema?"

"Amesema yote. Bosi alianguka, mzee. Hakusukumwa. Mkono wa shati unamuunga mkono binti yako, na mimi nitasema hivyo mbele ya yeyote. Kosa lake haliwezi kuwa lile lililokuwa limeandikwa juu yako."

"Lakini atafungwa."

"Alimwacha mtu chini ya ngazi, na aliandika barua. Siwezi kukuahidi."

Mzee aliinamisha kichwa. Alipokiinua, upole wote wa asubuhi ulikuwa umekwisha. Ilikuwa hasira tupu, hasira ya mtu aliyeibiwa.

"Nilikujibu Jumatatu. Uliniuliza mara mbili, nikakujibu mara mbili. Wewe ulikuwa na kazi gani ya kunihakiki?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Mimi nina sitini na tatu. Nina presha. Nimebakiwa na mingapi, kumi? Minane? Ningeimalizia humo ndani, haina kazi nyingine. Yeye ana thelathini na mbili, hajaolewa, hajazaa, ana darasa la watoto arobaini. Nilikuwa nalipa na yangu mibovu ili yake ibaki mizima." Alipiga meza kwa kiganja, pigo dogo la mtu asiyezoea kupiga vitu. "Miaka yangu kwa miaka yake. Hesabu rahisi namna hiyo, na wewe umesoma! Ulishindwaje kuniachia?"

Inspekta alikuwa na majibu. Yalikuwa ya kweli, yote yalikuwa kwenye sheria, na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa mbele ya mzee yule.

"Hakukubali yeye," alisema mwishowe. "Alipojua ulichosema, hakukubali hata dakika moja."

Mzee alifunga macho. Kisha akachukua kamba za viatu, akaanza kuzipitisha kwenye matundu moja moja, vidole vikikosea na kurudia.

Koplo alishika mlango. "Uko huru, mzee. Lango liko mbele. Nikutafutie usafiri wa nyumbani?"

"Mahabusu ya wanawake iko upande gani?"

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta akaashiria kushoto. Mzee akaenda kushoto, akalikuta benchi ukutani mbele ya mlango wa chuma, akakaa.